Funga Desa, Kisha Uniambie

Juzi saa tano usiku mdogo wangu alinipigia simu kutoka chuoni. Yuko mwaka wa kwanza, wiki ijayo wana testi ya uchumi, na alikuwa kakaa kwenye kimbweta, meza ya kusomea nje ya bweni, pamoja na wenzake. "Shikamoo kaka. Hili desa ndiyo namaliza kulisoma mara ya tatu, lakini naona kama haliingii." Nikamwambia alifunge desa hilo, yaani notsi zake za kozi, aniambie jambo moja tu lililomo ndani yake. Kimya. Nikamsikia anavuta pumzi, kisha nikasikia karatasi zinafunuliwa tena.

Kimya kile nakijua, maana kiliwahi kunigharimu.

Nilisoma sosiolojia, na mwaka wa kwanza tulikuwa na kozi ya takwimu. Niliiogopa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo nikajipanga mapema. Nilikwenda steshenari nikatoa kopi ya desa la waliotutangulia, nikanunua kalamu za kupakia rangi, nikakesha. Kurasa zikawa njano tupu. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia maana ya wastani bila kukosea herufi. Siku ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, swali likaja na kipato cha kaya kumi, moja kati yake ikiwa na fedha kuliko nyingine zote kwa mbali, likauliza ni kipimo gani kinafaa kueleza hali ya kaya hizo na kwa nini. Nikaandika maana ya wastani. Nikaandika kanuni yake. Nikapiga hesabu, na hesabu ikatoka sawasawa. Ile "kwa nini" ikabaki wazi, na maswali mengine ya namna hiyo nayo yakabaki wazi. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa na sapu, mtihani wa marudio, na chuoni kwetu sapu hata uijibu yote, kwenye rekodi inakaa C.

Wanafunzi wa Tanzania wana kauli ya mambo haya: msuli tembo, matokeo sisimizi, yaani kusoma kwa nguvu za tembo na kuvuna kidogo kama sisimizi. Nilitaniwa nayo mwaka ule na sikuwa na la kujibu. Tukishaisema huwa tunaona tumemaliza. Huyu hana kichwa, au mhadhiri kambania. Leo naamini kasoro ilikuwa kwenye msuli wenyewe. Tunapima kusoma kwa saa tulizokaa na usingizi tulioupoteza. Mtihani unataka kujua unaweza kutoa nini kichwani wakati daftari lako limebaki nje ya mlango, na jambo hilo wengi wetu tunalifanya kwa mara ya kwanza tukiwa tumeshakaa kwenye chumba cha mtihani.

Likizo ile nilikuwa nyumbani Singida nikisubiri sapu. Mama anauza mafuta ya alizeti na yumo kwenye kikoba cha wanawake kumi. Jioni moja akiwa anajaza vidumu akaniuliza hilo somo lililonikwamisha linahusu nini. Nikaanza na maneno ya desa, nusu Kiingereza, akawa ananitazama tu. Nikaacha. Nikamwambia, mama, tuseme tisa kati yenu kila mmoja ana mtaji wa elfu hamsini, na wa kumi ana milioni tano. Ukijumlisha yote ukagawa kwa kumi, kila mmoja anaonekana ana 545,000. Mama akasimamisha kidumu. "Sasa mwanangu, ukienda kuwaambia watu wa mkopo kwamba kila mwanamke wa kikoba chetu ana zaidi ya laki tano, si utakuwa umetusingizia? Sisi wengi wetu tuna hamsini." Na kweli, ukiipanga mitaji ile kutoka mdogo hadi mkubwa, wa katikati ni elfu hamsini. Jibu la swali lililoniangusha lilikuwa hilo hilo, na limetolewa na mtu mwenye faneli mkononi ambaye hajawahi kukaa darasa la takwimu hata siku moja. Kwa desa lile lile nililokuwa nalo, nilijifunza zaidi ndani ya robo saa ya kumweleza mama kuliko usiku wote wa kupaka rangi.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu kifupi cha habari. Kundi moja lilisoma tu, vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu likaandika kwenye karatasi tupu kila lilichokikumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tu walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, waliojiuliza asilimia 61. Kwa wastani kundi la kwanza lilikuwa limepitia kifungu kile zaidi ya mara 14, la pili kama mara tatu na kitu. Na walipoulizwa mapema nani angekumbuka vizuri wiki ijayo, waliosoma tu ndio waliojiamini zaidi. Hapo ndipo ninapomwona mdogo wangu, na ndipo ninapojiona mimi. Kurudia desa kunaleta hali ya kuyazoea maneno, na mazoea hayo tunayadhania kuwa ujuzi. Mtu aliyejaa mazoea anakwenda kulala akiwa na amani, na amani hiyo inamtoka saa tatu asubuhi akishageuza karatasi ya maswali.

Mimi nilibadilisha hivi. Siku ile ile ya kipindi, kabla ya chakula cha jioni, nilikuwa natafuta kimbweta, nachukua karatasi isiyo na kitu, naandika kwa dakika kumi kila ninachokikumbuka kuhusu kipindi kile, daftari likiwa kwenye begi. Mwanzoni yalikuwa yanatoka mambo matatu. Inauma, na inaaibisha hata kama hakuna anayekutazama. Kisha nafungua daftari na kalamu nyekundu, najaza nilichokisahau. Wekundu ule ndio niliokuwa nausoma. Kilichoandikwa kwa bluu nilikuwa nacho tayari, sikuwa na sababu ya kukirudia. Baada ya siku tatu karatasi nyingine, baada ya wiki nyingine tena. Zile kalamu za rangi nilimpa mtu.

Najua kuna watakaosema kozi zao ni za kukariri, vifungu vya sheria au majina ya mifupa. Sawa, kariri. Lakini hata jina la mfupa linakaa ukijiuliza ukiwa umefunika picha, na linapotea ukilitazama tu.

Kuhusu muda, naomba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apige hesabu hii mwenyewe. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka wa masomo ni krediti 120. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Toa vipindi na semina, tuseme saa 4 kwa wiki kwa wiki 15, unabakiwa na saa 60 za kusoma mwenyewe. Ukiwa na kozi tano za namna hiyo ni saa 300. Ukizisambaza kwenye muhula ni saa 20 kwa wiki, jambo ambalo mtu mzima mwenye afya analimudu na mpira anatazama. Ukizisogeza zote kwenye wiki mbili za mwisho, ni zaidi ya saa 21 kwa siku. Hakuna binadamu wa kuzisoma saa hizo. Kwa hiyo anayekesha mwishoni anasoma sehemu tu ya kinachotakiwa, tena kwa kichwa kilichochoka, halafu tunamwambia hana akili. Na GPA, wastani wa alama zako zote, inapimwa kwa uzito wa krediti. C ya kozi ya krediti 12 inakuvuta kuliko C ya kozi ya 8, basi anayeitamani 4.4 ya daraja la kwanza aangalie krediti kabla hajaamua jioni yake anaipa kozi ipi.

Diskasheni nazo. Nyingi nilizokaa zilikuwa za mtu mmoja kuongea na sita kuandika, na aliyefaidi ni yule mmoja. Kundi letu la mwaka wa pili tuliweka sharti kwamba anayeeleza hashiki karatasi, na anaeleza kwa Kiswahili. Sharti hilo la pili liliwashtua wengi, na ndilo ninalolitetea kuliko yote niliyoandika hapa. Mtoto wa Tanzania amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, amefika kidato cha kwanza akaambiwa kuanzia leo ni Kiingereza, na tangu hapo amejifunza ujanja wa kubeba sentensi nzima nzima asizozielewa na kuzitua kwenye karatasi ya mtihani. Ujanja huo ulimfikisha chuo, na chuo ndipo unapomtupa, kwa sababu swali linamtaka aichukue dhana aipeleke mahali pengine. Ukimlazimisha aieleze kwa Kiswahili hawezi kujificha. Ama anaijua, ama tunagundua wote hapo hapo kwamba haijui, tunakwenda kuitafuta. Tulikuwa na mwenzetu, hodari wa Kiingereza kuliko sisi sote, ambaye alituelezea matabaka ya jamii kwa ufasaha wa ajabu. Tulipomwomba aseme kwa Kiswahili, kwa mfano wa mtaani kwao, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema polepole, "Ngojeni. Kumbe sijaelewa." Alirudi siku ya pili na mfano wa wenye nyumba na wapangaji wa Manzese, Dar es Salaam, ambao mpaka leo ninao.

Mtihani ni wa Kiingereza, naam. Ndiyo maana baada ya kueleza kila mmoja alikuwa anaandika aya moja ya Kiingereza kwa maneno yake, bila kuangalia kwa jirani, halafu tunasomeana. Kiingereza kilichotoka hapo kilikuwa kifupi na chenye makosa madogo, lakini kilikuwa kimebeba kitu. Nasema hayo hayo kwa hizi programu za akili mnemba zinazokuandikia jibu safi kwa sekunde. Iambie programu ikuulize maswali, nenda nayo. Ukiiacha ijibu badala yako, siku ya UE hutaingia nayo.

Kuna jambo siwezi kulipita. Wapo wanafunzi ambao bumu, fedha ya mkopo wa masomo, limekata, wanapiga pasi ndefu, mlo mmoja saa tisa alasiri ndio chai, ndio mchana, ndio usiku. Wapo wanaobebwa, wawili kwenye kitanda cha mmoja. Mwenzako wa hali hiyo usimpe mhadhara wa mbinu za kusoma. Mnunulie chakula, kisha kaeni pamoja dakika kumi na karatasi tupu. Yeye hasa ndiye asiye na nguvu za kupoteza kwa kurudia desa mara ya nne.

Basi juzi, kile kimya kilipozidi, nilimwambia mdogo wangu aache kufunua. Nikamuuliza kwa nini unga ukipanda bei mama bado ananunua, na soda ikipanda anaiacha. Akafikiri. Akasema kwa sababu bila ugali hamlali. Nikamwambia endelea. Akaanza kuongea, anakosea, anajirudi, mara akawa anabishana na mwenzake wa kimbweta, mimi wamenisahau kwenye simu mpaka bando likakata.

Leo asubuhi ametuma picha ya karatasi. Bluu mistari sita, nyekundu ukurasa mzima. Nimemwandikia anitumie nyingine Jumatano.