Mwalimu wa unasihi mmoja hatoshi: kila mwalimu afundishwe kusikiliza

Karibu kila shule ya sekondari ninayoifahamu hapa Tanzania ina mwalimu wa unasihi. Jina lake limebandikwa kwenye ubao wa matangazo, pamoja na la mwalimu wa taaluma, wa nidhamu, wa mazingira na wa michezo. Mara nyingi mwalimu huyo huyo anafundisha Biolojia mikondo minne, anashika zamu kama wenzake, na hana mahali pa kuzungumza na mwanafunzi isipokuwa kona ya ofisi ya walimu. Wengi wao wanaifanya kazi hiyo kwa moyo, na malalamiko yangu hayawahusu. Ninachokipinga ni dhana iliyoota mizizi kwamba akishateuliwa mmoja, walimu wengine wote wa shule hawana haja ya kujua namna ya kuzungumza na mtoto mwenye shida.

Waraka wa Elimu Namba 11 wa mwaka 2002 uliagiza huduma za ushauri na unasihi zitolewe shuleni na katika vyuo vya ualimu. Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, na madarasa yakafurika watoto ambao zamani wasingevuka darasa la saba. Mwaka 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi. Hatua zote mbili naziunga mkono kwa dhati. Lakini kila moja imemletea mwalimu mtoto mwenye mambo mengi zaidi moyoni, ilhali maandalizi ya mwalimu huyo yamebaki kuhusu somo lake, azimio la kazi na andalio la somo.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mwalimu anayeingia darasa lenye wanafunzi 60 hana budi kuingia akijua kwamba baadhi ya wanaomtazama wanaishi na jambo ambalo hawajamwambia mtu. Siku mmoja wao atakapoamua kusema, hatakwenda kwanza kusoma ubao wa matangazo ili ajue aliyeteuliwa ni nani. Atamwendea aliyemzoea, ambaye huenda ni mwalimu wa Kiswahili, matroni wa bweni, au mwalimu kijana aliyeripoti mwezi uliopita. Ndiyo maana ujuzi huu hauwezi kuwa wa mtu mmoja.

Chukua mfano wa msichana wa kidato cha pili anayesinzia darasani kila asubuhi. Anaitwa ofisini, anasimama mbele ya meza, walimu sita wakisahihisha madaftari huku masikio yao yakiwa kwake. Anaulizwa, "Kwa nini unalala darasani?" Anajibu, "Nisamehe mwalimu." Anaulizwa tena kwa sauti ya juu zaidi, naye anainamisha kichwa. Hapo mwalimu mmoja anaanza mawaidha marefu kuhusu wazazi wanaojinyima ili yeye asome, mwingine anaongeza la kwake, na mwisho anapewa adhabu ya kufagia au anaambiwa kesho aje na mzazi. Dakika kumi zimekwisha na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba msichana huyo anaamshwa saa tisa usiku kumsaidia mama yake kuchoma vitumbua vya kuuza stendi alfajiri.

Sasa mwalimu huyo huyo amtoe nje, wakae kwenye benchi chini ya mwembe, mahali ambapo kila mtu anawaona na hakuna anayewasikia, jambo linalomlinda mtoto na kumlinda mwalimu pia. Wakae ubavu kwa ubavu badala ya kutazamana kama mahakamani. Aseme, "Naona siku hizi unachoka sana asubuhi. Hebu nieleze usiku wako unavyokwenda," kisha anyamaze. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu sisi walimu tumezoea kulijaza kila pengo la ukimya kwa maelezo. Mtoto akianza, amwache amalize, kisha ayarudie kwa ufupi aliyoyasikia ili mtoto amsahihishe pale alipomwelewa vibaya. Ushauri, kama upo, uje baadaye sana.

Mambo haya yanaonekana madogo, na pengine ndiyo sababu yanadharauliwa. Hayafundishiki kwa kuwakusanya walimu ukumbini siku mbili, kuwasomea slaidi na kuwapa cheti, kwani anayejifunza kusikiliza hujifunza kwa kusikiliza. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaani MEWAKA, tayari yanawataka walimu wakutane shuleni kwao na kujadili ufundishaji. Saa moja ya kikao hicho itumike kwa igizo dhima: mwalimu mmoja awe mwanafunzi aliyefiwa, mwingine amsikilize, wa tatu aangalie na kueleza alichokiona, kisha wabadilishane nafasi. Na kwa walio vyuoni, tatizo linaanza mapema zaidi. Mwanachuo akienda mazoezi ya kufundisha, mkufunzi huja kukaa nyuma ya darasa akikagua andalio, zana na mpangilio wa ubao, lakini namna anavyozungumza na mwanafunzi mmoja mmoja haipewi uzito kama huo.

Kuna jambo moja ambalo lisipofundishwa, nia njema inaweza kuleta madhara. Mwalimu asiahidi kamwe kwamba hatamwambia mtu yeyote. Aseme tangu mwanzo kuwa atatunza siri, isipokuwa pale ambapo usalama wa mtoto uko hatarini. Akishasikia habari ya ukatili, kazi yake si kuhoji kama mpelelezi wala kumwita mtuhumiwa wayamalize kifamilia. Ajue ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, ajue dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, ajue namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Mwalimu si mtaalamu wa magonjwa ya akili, na mafunzo mazuri humwonyesha vilevile mahali pa kuishia.

Siwezi kuyazungumza haya nikaacha suala la viboko. Kanuni zetu zinaruhusu visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe daftarini. Hali halisi katika shule nyingi kila mzazi anaifahamu. Mwalimu aliyeshika fimbo mstarini asubuhi hawezi saa nne kutarajia kufunguliwa moyo, na shule inayomfanya mtu mmoja kuwa mwalimu wa nidhamu na wa unasihi kwa wakati mmoja imeifuta kazi ya pili. Wenzetu wa Kenya walipiga marufuku viboko mwaka 2001 na kuelekeza nguvu kwenye ushauri nasaha, lakini hadi leo walimu wao wanalalamika kwamba fimbo iliondolewa kabla ya mwalimu kupewa ujuzi na muda wa kuijaza nafasi yake. Tusisubiri tufike huko. Ujuzi utangulie, ili siku ya kuiweka fimbo chini iwakute walimu wanajua la kufanya.

Mpango wa Shule Salama umeanza kuwapa mafunzo walimu wa unasihi wa sekondari, nami naupongeza. Ninachoomba ni kwamba waliofunzwa warudi shuleni na wapewe nafasi ya kuwafundisha wenzao, wapunguziwe walau vipindi vinne kwa wiki, na wapate chumba chenye mlango. Upangaji wa ratiba uko mikononi mwa mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma. Hilo la vipindi wanaweza kulitekeleza muhula ujao, bila kusubiri waraka mwingine.