Podikasti za wanafunzi: kazi kubwa iko kabla ya kurekodi

Walimu wanaofundisha wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 wamegawanyika kuhusu podikasti, yaani vipindi vya sauti vilivyorekodiwa, zinazotengenezwa na wanafunzi wenyewe. Wapo wanaoamini kwamba mtoto aliyechoka kuandika insha ya mwalimu mmoja huamka akijua kwamba watu watamsikiliza. Wapo pia wanaosema kuwa nyingi ya podikasti hizo ni insha ileile iliyosomwa kwa sauti, ikapambwa kwa muziki, huku vipindi kadhaa vya masomo vikiishia kwenye kompyuta. Pande zote mbili zina ushahidi madarasani mwao. Tatizo ni kwamba zinapima rekodi iliyokamilika, wakati sehemu kubwa ya faida au hasara imeshapatikana kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kurekodi.

Tuanze na suala la hadhira, kwa kuwa ndilo linalotajwa zaidi. Wazo la kumpa mtoto wasomaji halisi ni la zamani kuliko intaneti. Katika miaka ya 1920, mwalimu Mfaransa Célestin Freinet aliingiza mashine ya kuchapia darasani, wanafunzi wakawa wanachapa maandishi yao wenyewe na kubadilishana na watoto wa shule nyingine. Podikasti imelipa wazo hilo chombo kipya. Nchini Marekani, shirika la redio ya umma, NPR, lina shindano la podikasti za wanafunzi, na mwaka 2019 ushindi wa ngazi ya shule za kati ulikwenda kwa wasichana wa Bronx, New York, waliozungumzia hedhi na aibu inayoizunguka. Mada hiyo ni vigumu kuifikiria ikiandikwa kwa uwazi uleule katika daftari la mazoezi. Walikuwa na jambo la kusema na watu wa kuwaambia.

Hata hivyo, hadhira peke yake haifundishi. Kinachofundisha, kwa maoni yangu, ni mtoto kusikia maandishi yake mwenyewe. Mwanafunzi akirudishiwa insha yenye alama nyekundu, mara nyingi hutazama maksi na kufunga daftari. Akisikiliza rekodi yake, sentensi ya maneno 40 humkata pumzi katikati na anajua bila kuambiwa kwamba haifai. Aya inayorudia jambo lilelile inamchosha yeye wa kwanza. Tena, muda unambana: msemaji wa kawaida wa Kiingereza hutamka maneno kama 150 kwa dakika, na Kiswahili, chenye maneno marefu zaidi, huwa na idadi ndogo kuliko hiyo. Mwanafunzi aliyepewa dakika tatu hana nafasi ya kujaza kurasa. Lazima achague, akate, aandike upya, na sababu ya kukata anaisikia kwa masikio yake. Sijaona zoezi lingine linalomfanya mtoto wa miaka 12 ahariri kazi yake kwa hiari namna hii.

Mahojiano nayo yana uzito wake. Kuuliza swali, kunyamaza, kulisikiliza jibu kweli, kisha kuuliza swali la pili linalotokana na jibu hilo na si lile lililoandikwa kwenye karatasi, ni ujuzi ambao vitabu vya kiada huugusa kwa mbali tu. Mwanafunzi wa historia anayemhoji mzee aliyeishi tukio fulani hugundua pia kwamba kumbukumbu ya mtu na maelezo ya kitabu vinaweza kupishana, naye anatakiwa kuamua afanye nini na tofauti hiyo.

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa podikasti huupita haraka mno. Muda kwanza. Darasa la wanafunzi 36 likigawanywa katika makundi ya watu wanne linatoa makundi tisa, na makundi tisa hayawezi kurekodi kwa wakati mmoja ndani ya chumba kimoja. Watatoka nje, watasambaa kwenye korido, na mwalimu ni mmoja. Kuhariri dakika tano tu kunaweza kumeza vipindi viwili au vitatu kwa mtu anayejifunza programu kwa mara ya kwanza. Ndani ya kundi, anayejua kompyuta atahariri kila safari, mwenye sauti ya kujiamini atazungumza kila safari, na wawili waliobaki watajifunza kukaa. Kasoro hiyo ipo katika kazi zote za vikundi, lakini hapa inafichika vizuri zaidi, maana kinachomfikia mwalimu ni faili moja lililong'aa.

Wakosoaji wana haki pia wanaposema uandishi unaweza kudhoofika. Herufi kubwa haisikiki, wala kosa la tahajia halisikiki. Mwanafunzi anaweza kupata maksi za juu mwaka mzima kwa kazi za sauti bila mtu kugundua kwamba hajui kupanga aya.

Umri huu una ugumu wake mwingine. Karibu kila mtu huishangaa sauti yake anapoisikia kwenye rekodi, kwa sababu tunapozungumza tunajisikia pia kupitia mifupa ya fuvu, ambayo huongeza mlio mzito, na rekodi haina mlio huo. Kwa mtu mzima ni kero ndogo. Kwa mvulana wa miaka 13 ambaye sauti yake inavunjika, au msichana mwenye kigugumizi, rekodi itakayochezwa mbele ya darasa zima inaweza kuwa adhabu. Wapo walimu wanaoshikilia kwamba kila mtoto lazima azungumze, kwani woga hauondoki kwa kuukimbia. Nakubaliana nao nusu. Kurekodi kuna huruma ambayo kusimama mbele ya darasa hakuna: unaweza kurudia mara ya tatu na ya nne hadi uridhike. Nafasi hiyo apewe kila mmoja, lakini kuchezwa kwa rekodi hadharani kuwe kwa idhini yake.

Penye kasoro zaidi ni usahihishaji. Miongozo mingi ya kutoa maksi inahesabu muziki wa kufungulia, usafi wa sauti, urefu wa kipindi. Vigezo hivyo vinamzawadia mwenye simu nzuri na chumba tulivu nyumbani, na havigusi kile kilichojifunzwa. Ningeweka sehemu kubwa ya maksi kwenye maswali ya mahojiano, rasimu ya kwanza na ya mwisho ya skripti, na maelezo mafupi ya mwanafunzi kuhusu alichokata na kwa nini. Programu ya kuhariri isizidi kukata na kuunganisha, kazi inayowezekana kwa programu ya bure kama Audacity.

Msimamo huu umepata nguvu zaidi tangu Septemba 2024, NotebookLM, programu ya akili mnemba ya Google, ilipoanza kugeuza nyaraka kuwa mazungumzo ya sauti mbili za mashine, yanayofanana kabisa na podikasti. Rekodi safi na yenye mtiririko haithibitishi tena kwamba mtu amesoma chochote. Rasimu zilizokatwakatwa, rekodi ghafi za mahojiano na dakika mbili za kumuuliza mwanafunzi ana kwa ana ndizo zinazothibitisha.

Kuhusu kuchapisha, mimi ni mhafidhina. Sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu faragha ya watoto mtandaoni, COPPA, inawalinda walio chini ya miaka 13, maana yake darasa moja la umri huu linaweza kuwa na watoto walio pande zote mbili za mstari huo. Sauti ya mtu siku hizi inaweza kunakiliwa na mashine, na mtoto wa miaka 12 hawezi kukadiria atajisikiaje akiwa na 25 faili hilo likiwa bado lipo. Hadhira halisi si lazima iwe dunia nzima. Wanafunzi wa Freinet walikuwa na shule ya wenzao waliowajibu, na ikatosha. Darasa la jirani, wazazi, shule rafiki iliyopewa kiungo chenye nywila: wasikilizaji hao wanaweza kujibu, jambo ambalo umma usiojulikana hufanya kwa nadra.

Na kila podikasti itoke pamoja na maandishi yake kamili, yaliyosahihishwa tahajia na kupangwa aya. Mwanafunzi asiyesikia anayahitaji ili awe sehemu ya darasa, na mwalimu anayehofia uandishi kudhoofika atakuwa na cha kusahihisha.