Nilinyanyua mukono kuomba chupa, sasa niko naenda Livingstone na kinga

Bandugu, mbele ya yote muelewe: miye sikuomba hii safari. Ilikuwa siku ya Mungu moja mwezi ya tisa 2025, tuko mu Kamalondo, hapa Lubumbashi, tunaangalia kwa televizio ile mbio ya kinga, ni kusema baisikeli, ya dunia, ile ya Kigali, mara ya kwanza kuifanya mu Afrika. Pogačar anapanda milima sawa muntu banamukimbiza juu ya deni. Kilometa 267 siku moja, na kati ya bale bote balianza ni 30 tu njo balimaliza, na miye kwa kichwa yangu nikawaza, bale benye balibaki mu njia njo bantu ba akili. Sasa kuko mukubwa moja tunamuitaka Prezida, juu anapenda kuongoza kila kintu mpaka kilio ya bantu hajue, akasimama na glasi mu mukono: "Na siye tunaweza! Tuvuke Zambia yote na kinga, Kasumbalesa mpaka Livingstone! Mwenye anakubali anyanyue mukono!"

Nikanyanyua. Nilikuwa naita ule mama wa chupa, bia yangu ya Simba ilikuwa imeisha. Bakaandika jina yangu namba tatu.

Kesho yake nilimueleza Prezida vile ilikuwa, akasema mukono ni mukono, hata Mungu aliona.

Kwa mwenye hajui, kutoka Lubumbashi kufika Kasumbalesa ni kilometa 90 na kitu, na pale safari bado haijaanza, uko paka umemaliza kuagana na Congo na kupenya kati ya makamio yenye inangojea mu foleni. Kisha Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka, na ukifika Lusaka usicheke, ni nusu tu, kuko tena Kafue, Mazabuka kwenye mashamba ya sukari, Monze, Choma, Kalomo. Ukijumlisha yote ni karibu kilometa 1000. Na pale Ndola njo ndege ya Hammarskjöld ilianguka 1961, wakati anaenda kuonana na Tshombe, mukubwa wa Katanga ya wakati ile. Mukubwa wa ONU muzima, na ndege, na marubani, hakufika. Miye niko na kinga ya okazio na goti moja yenye inalia kila mara mvua inakaribia.

Toka ile siku tumefanya mikutano kumi na moja. Kilometa tumekimbiza mbele ya antrenema ya kwanza: zero. Mukutano ya kwanza tulichagua komite, ya pili tulichagua komite ingine juu ile ya kwanza walikosana, ya tatu kesie, mwenye anachunga feza, alisoma raporo ya feza na ile feza ilikuwa bado haijaingia. Ya tano, saa tatu muzima, ilikuwa paka juu ya unga. Kuko mwenzetu moja, fundi ya kushona, anasema yeye hatoke Congo bila kilo tano ya unga mu kinga, tukamuambia Zambia bukari iko, banaita nshima, iko kila kona, akasema ile anaijua, ile ya bao ni mahindi tupu, nyeupe sawa shuka ya hopitali, yeye bila kuchanganya na muhogo tumbo haielewe kama imekula. Mwingine akauliza, na mwiko? Mwingine akasema kama munabeba mwiko basi mubebe na sufuria. Mwingine, sufuria bila makala ya kupikia? Mara tumefikisha kilo makumi mbili kwa kila kinga na hatujahesabu bado maji. Miye nikasema, bandugu, tunaenda kukimbia ao tunahama? Bakaniandikia faini ya kukosa nizamu, dola mbili.

Na tusisahau bamaiyo, mashati ya mbio. Kila muntu dola 15, rangi nyekundu, kwa mugongo jina ya ekipe na "LUBUMBASHI – LIVINGSTONE". Zilipotoka kwa muntu wa kuchapisha imeandikwa LIVINSTON. Kesie anasema tuongeze dola tano tano balipe kuirekebisha. Kurekebisha namna gani? Batabandika hiyo G na E na gundi? Nimekatala kabisa. Miye niko naenda Livinston, bengine baende kule kwenye bataka.

Sasa mambo ya nyumba. Bibi yangu ni muntu ya utulivu, lakini toka hii safari imeanza ananiongelesha kupitia batoto. "Ambia baba yako makala imeisha." Mimi mbele yake nimeikala! "Ambia baba yako wiki ya tatu sasa tunapika na makala ya kuomba kwa jirani." Nikamuambia avumilie, feza iko mu kotizasio. Akaniangalia tu. Kisha ikakuya ile kaputula.

Prezida alisema bila kaputula ya mbio, siku ya pili haukalike tena hata kwa kiti ya salon. Hii kaputula inabana sawa soksi, na katikati, samahani banamama, kuko kamutu kama godoro. Na sheria yake: ndani haivaliwe kintu. Hakuna kintu! Eti shupi ndani inaleta mikunjo, mikunjo inakwaruza, na mwenye amekwaruzwa kule kilometa 60 hasahau mpaka anazeeka. Donk nikaijaribu mu chumba, polepole, mlango nimefunga. Haikufunga vizuri. Kaboy kangu ka miaka sita kakaingia, kakaniangalia mbele, kakaniangalia nyuma, kakapiga mbio mu lupango: "Mama! Baba anavaa kushe ya bebe!" Jirani yote walisikia. Na ule mama wa kuuza maandazi mpaka leo akiniona ananiuliza kama nimeamka mukavu.

Halafu banasema upake mafuta pale kwenye sele, kiti ya kinga, inakugusa. Nikakamata Vazelini ya bibi. Ile nayo niliambiwa kupitia batoto.

Lakini yenye ilinimaliza kabisa ni 28. Ngojeni nieleze vizuri, juu kuko muntu atapoteza feza yake sawa vile miye. Kinga yangu ni ya Ulaya, okazio, dola 120, muuzaji aliapa ilikuwa ya mwalimu wa Ubelgiji. (Kila kinga ya okazio ilikuwaka ya mwalimu. Sijawahi kusikia ya mwizi.) Komite ikasema kila muntu abebe pine moja ya akiba. Vizuri. Nasoma kwa ubavu ya pine yangu: 28. Naenda soko ya Kenya, ile kartie ya hapa Lubumbashi, naambia mama, nipe 28. Ananipa 28. Iko imeandikwa 28, nimeisoma na macho yangu mara mbili. Nafika nyumbani, 28 inakatala kuikala mu 28! Inaingia bila shida, halafu inatoka yenyewe, inaning'inia sawa kiatu ya baba mu muguu ya mutoto. Nilivuta, nilisukuma, nilitia kijiko mbili, nilimuita shetani. Bule.

Nikapeleka kwa fundi ya kinga, muzee moja anaikala chini ya mwembe mu Katuba, na lineti yenye mukono moja ni waya. Hakuikamata hata. Akachukua mate, akapangusa ubavu ya pine ya zamani, vumbi ikatoka, chini ya 28 kukaonekana kanamba kadogo kadogo: 622. Akapangusa ile mupya: 635.

"Ona mwanangu," akasema. "28 ni jina ya ukoo. Hii kadogo njo jina yake mwenyewe, upana ya duara yake. Hii yenye umenunua ni ya kinga ya huku, ile ya chuma nzito. Hii yako ni ya bazungu. Tofauti milimeta 13."

Milimeta 13! Hata kidole yangu ya mwisho inapita pale. Dola sita imeanguka mu milimeta 13. Nikarudi kwa ule mama ya soko, nikamuomba kwa heshima anibadilishie, akasema pine ikishatoka imetoka, haiko bibi wa muntu yenye ikikosana inarudi kwao. Sasa iko pale kwenye mlango, kuku analala ndani.

Makaratasi nisizungumuze, pasiporo, kadi ya manjano ya chanjo, foto yenye masikio inaonekana. Bali hii ya kushoto mutanisikiliza. Zambia banatembeaka kushoto. Siye huku kuume. Prezida akasema bora tuzoee mapema, akatupeleka kartie Golf asubuyi moja tutembee upande ya kushoto, batu ine, mu Lubumbashi, mbele ya magari ya bantu! Taksi ya kwanza ilitupigia honi, ya pili ilitutukania bamama, ya tatu ilisimama, dereva akatoka akauliza kama tumekunywa ao tumetumwa. Kisha akatokea polisi ya rulaji. Prezida anamueleza, "Shefu, siye kwa sasa tuko Zambia." Shefu akasema sawa, basi faini mutalipa na kwacha. Hatukukuwa na kwacha. Akakubali falanga.

Ndiyo tukafika kwenye antrenema ya kweli. Mwezi ya sita, saa kumi na moja ya asubuyi, ile baridi ya kwetu inakuingia mu meno. Kwenda Kipushi, kilometa 30, na kurudi. Tumeandikwa batu saba, tulikuya ine. Prezida alikuya na gari. Anasema yeye ni asistansi. Akatupita na honi, dirisha imefungwa, moto imewashwa ndani, akatuambia tutakutana Kipushi, ataagiza samaki.

Kilometa ya kumi na ine, kamulima kadogo, hata si mulima, ni paka njia inasikia uvivu, nikabadilisha vitesi, kah! Shene, ule munyororo ya kinga, imekatika. Benzangu walikuwa mbele, nikaita, walinyanyua mukono kunisalimia na wakaendelea. Nikabaki pale na kasiki kwa kichwa, na lineti ya jua wakati jua haijatoka, na kaputula, na baridi inapita kila kwenye inataka.

Mara nikasikia kinga inalia, nyi, nyi, nyi. Kijana moja wa makala, anatoka kule porini kuelekea mujini, anasukuma, magunia tatu imefungwa na mipira, kubwa kushinda yeye, unaona tu miguu. Kinga haina vitesi, haina fren, anasimamishaka na kandambili. Pedali moja ni kipande ya mti. Akasimamisha ile mulima yake na fimbo, akakuya, akaangalia shene, akasema "ah, hii kidogo". Akatoa musumari mu mufuko, akatafuta jiwe mbili, akasukuma pini, akatupa kipande yenye ilivunjika, akaunga, akapiga ta, ta, ta. Hata dakika kumi haikufika. Mu sakoshi yangu kulikuwa vyombo ya dola 30, sikuifungua, nilisikia haya.

"Mukubwa, munaenda wapi hivi?"

"Leo Kipushi. Lakini safari yenyewe ni Livingstone."

"Iko nyuma ya Kipushi?"

"Hapana mudogo, Zambia, kule mwisho kabisa, kwenye maji makubwa inaanguka, Mosi-oa-Tunya. Kilometa karibu elfu moja."

Akapiga muluzi. "Munapeleka nini?"

"Hatupeleke kintu."

"Aah. Munaenda kuchukua."

"Hatuchukue kintu. Tunaangalia maji inaanguka. Metre 108!"

Akawaza. "Na kama hamukwende, haianguke?"

Sasa unajibu nini pale? Nikasema inaanguka.

"Banabalipa ngapi?"

"Siye njo tunalipa."

Akaangalia kasiki yangu, akaangalia maiyo kwenye LIVINSTON, akashuka mpaka kwenye kushe, akarudi kwa uso. Kisha akaniambia polepole, na heshima yote, sawa muntu anaongelesha mugonjwa mbele ya familia yake:

"Pole, mukubwa."

Feza ya shene alikatala. Alisema ni saa nane ya usiku njo alitoka kwake, kupumzika kidogo kulimufaa. Miye haya ikanishika, nikamuambia basi nipe gunia moja. Tukaongea bei, akafungua mipira yake mbili, akanifungia pa porbagaji yangu ya nyuma, ile ya aluminio yenye bameandika mwisho kilo 25, akaikamata, akaitikisa, akacheka, akasema itafika tu. Na akanifundisha: usipande, sukuma, mukono moja kwa gido, moja nyuma kwa gunia, na mu mutelemuko uombe.

Nilisukuma kilometa 14. Nilianza naye pamoja. Akanipita na gunia zake mbili, nikamuona anapunguka, anapunguka, akapotea. Prezida alipiga telefone mara tano, samaki imepoa, nilipo wapi. Sikuwa na mukono ya kujibu.

Niliingia mu lupango saa sita, vumbi mpaka mu masikio, kaputula imekuwa nyeusi. Mama ya maandazi hakuniuliza kintu. Bibi yangu akatoka mu nyumba, akasimama. Akazunguka kinga mara moja, akagusa gunia, akabonyeza mipira kama imekaza, akapangusa vumbi kwa sele na kitenge yake. Na akaniongelesha miye mwenyewe, mara ya kwanza toka hii safari ianze:

"Enhe. Sasa njo nimesikia hii kinga iko ya kazi gani. Siku ya Mungu ijayo muende tena. Lakini ulete mbili."