Kumhudumia anayekufa: je, wodi inatosha kumfundisha mwanafunzi wa uuguzi?

Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa vizuri namna ya kumhudumia maiti: kumfumba macho, kumfunga kidevu, kumsafisha, kumbandika jina, kumviringishia shuka. Huyafanya mbele ya mkufunzi, akapewa alama. Ubishi upo kwenye saa zinazotangulia hapo. Binti wa miaka kumi na tisa, aliyemaliza kidato cha nne juzi tu, nani amfundishe kukaa na mtu anayekata roho?

Wauguzi wakongwe wengi watakwambia wodi ndiyo shule, kifo hakisomwi darasani. Wana hoja. Ni wodini anapogundua kwamba ndugu wa mgonjwa Mwislamu watataka kumwelekeza kibla na kumtamkisha shahada, na kwamba kuosha maiti ni kazi ya jamaa zake, si ya muuguzi. Ule utaratibu aliopewa alama unabidi ukomee njiani. Ni hapo anapoona familia ya Kikatoliki ikihesabu dakika, padri bado hajafika na mpako wa wagonjwa. Hakuna kitabu kitakachomwonyesha haya kama atakavyoyaona mwenyewe.

Lakini wodi hufundisha chochote ilicho nacho. Sista wa zamu akiwa na mazoea ya kuvuta pazia na kuhamia kitanda cha pili, mwanafunzi naye atajua kuvuta pazia. Bibi akimshika mkono na kumuuliza, "Mjukuu wangu, hivi nitapona kweli?" atajibu kama alivyowasikia wakubwa wake: "Usijali bibi, utapona tu." Bibi ananyamaza. Huenda alitaka kusema mtoto gani aitwe, au shamba abaki nalo nani. Na nje kwenye korido wanawe wameshamwonya binti huyohuyo: "Sista, tafadhali mama asijue." Hapo uzoefu wa kutazama hausaidii kitu, kwa sababu hajawahi kumwona mtu akilijibu ombi hilo vizuri.

Ndiyo maana wengine wanataka mazoezi darasani kwanza: mmoja alale kitandani awe mgonjwa, mwingine awe muuguzi, wa tatu awe kaka mkubwa wa familia aliyekasirika. Ni kweli wanafunzi hucheka, na wajanja huigiza huruma kwa ajili ya alama. Mimi naona kicheko hicho hakina hasara. Afadhali ashikwe na kigugumizi mbele ya wenzake kuliko mbele ya bibi yule.

Kuna hoja nyingine inayonisumbua zaidi: maneno bila dawa ni bure. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha hahitaji mwanafunzi aliyefuzu kusikiliza, anahitaji mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Uganda ililiona hili mapema. Mwaka 2004 iliwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kuandika mofini wenyewe, bila kumsubiri daktari. Kwa hiyo si haki kumlaumu mwanafunzi kwa ubaridi wakati kabati la dawa ni tupu. Hata hivyo kabati likijaa leo, muuguzi aliyehitimu akiamini mofini itamuua mgonjwa au kumfanya teja ataiacha humohumo. Hofu hiyo huondolewa chuoni, kwa kufundishwa kuanza na dozi ndogo, kupandisha taratibu, na kutoa dawa ya kulainisha choo pamoja nayo.

Ningeanzia kwenye kitabu cha mazoezi, kile ambacho msimamizi husaini kila mwanafunzi anapochoma sindano au kuzalisha. Kiongezwe mstari mmoja: amezungumza na mgonjwa anayekaribia kufa, au na ndugu zake, chini ya usimamizi, na baadaye wamekaa wawili wakaongea yaliyotokea. Najua sahihi nyingine zitatiwa kwa mkupuo Ijumaa jioni. Hata za sindano hutiwa hivyo, na hakuna anayesema tuache kufundisha sindano.