Hifadhi ya bure ni meza ya kazi, si ghala

Mtu akiulizwa picha na hati zake ziko wapi, siku hizi hujibu "ziko Drive", basi. Jibu hilo linaunganisha kazi mbili zisizofanana: mahali pa kushughulikia faili pamoja na wenzako, na mahali pa kulitunza miaka na miaka. Kwa kazi ya kwanza huduma za bure za kuhifadhi mafaili mtandaoni, kama hiyo Google Drive, hazina mpinzani. Kwa ya pili, mimi sizitegemei peke yake, na sababu yenyewe si udogo wa nafasi.

Tuumalize haraka huo ukubwa, maana ndio watu wanaoukimbilia. Google inatoa GB 15, ila zinatumiwa kwa pamoja na Drive, Gmail na Picha (Google Photos). OneDrive ya Microsoft na iCloud ya Apple zinatoa GB 5 kila moja, Dropbox GB 2 na vifaa visivyozidi 3. Kati ya hizi, Mega inaongoza kwa GB 20. Lakini piga hesabu ya kuzijaza: kwa kasi ya kupakia ya megabiti 1 kwa sekunde, GB moja inachukua saa 2 na kama dakika 13. GB 15 ni zaidi ya saa 33, mtandao usikatike. Nafasi usiyoweza kuijaza wala kuishusha siku ukiihitaji haikusaidii kitu.

Tatizo kubwa liko kwenye neno kusawazisha. Folda iliyosawazishwa ni kioo: ukifuta faili kwenye simu, linafutika kwenye kompyuta na kwenye seva, yaani mashine za huduma yenyewe. Mtoto akigusa pasipotakiwa, kosa lake linasambaa kwenye vifaa vyote kabla hujageuka. Linaloenda kwenye pipa la taka la Google Drive hukaa siku 30, kisha hupotea. Matoleo ya zamani ya faili la kawaida, tuseme PDF au hati ya Word, nayo hutunzwa siku 30 au mpaka yafike 100. Ukigundua baada ya miezi mitatu kwamba kurasa za katikati zilifutwa, umechelewa.

Mtego mwingine ni wa kompyuta yenyewe. Fungua folda ya OneDrive kwenye Windows uangalie alama zilizo kando ya mafaili. Alama ya wingu maana yake faili halimo kwenye diski yako. Unaona jina tu. Tiki ya kijani maana yake limeshashuka. Kwa faili la Google Docs ni zaidi ya hapo: kile kinachoonekana kwenye folda, chenye mwisho wa .gdoc, hakina hata neno moja la hati yako. Ni njia ya mkato inayofungua kivinjari. Wako watu wanaonakili folda nzima kwenye flashi wakiamini wana akiba, kumbe wamebeba rundo la anwani.

Umiliki nao una mambo. Kwenye Google Drive ya kawaida, mwenye folda si lazima awe mwenye faili. Mkiwa watano mnatumia folda moja, kila mtu anamiliki alichopakia mwenyewe, na nafasi inakatwa kwake. Mmoja akifunga akaunti, mafaili yake yanaondoka naye hata kama folda ni yako. Kwa hiyo kazi ikiisha, bonyeza faili, chagua kutengeneza nakala, na nakala hiyo itakuwa mali yako. Dropbox wanahesabu tofauti: folda ya pamoja inakula nafasi ya kila mwanachama, hivyo mwenye GB 2 akialikwa kwenye folda ya GB 3 hawezi kuingia mpaka apate nafasi. Anayemwalika huwa anadhani mwaliko haukufika.

Kuhusu viungo nina ugomvi wa siku nyingi. Chaguo la "mtu yeyote mwenye kiungo" linapendwa kwa kuwa halisumbui, lakini kiungo kikishatupwa kwenye kundi la gumzo hakina mwenyewe tena. Kila atakayetumiwa na mwingine ataingia, bila nenosiri. Na ukiwapa wote uwezo wa kuhariri, utamkuta mtu amefuta jedwali zima akidhani anasafisha nakala yake. Andika barua pepe za watu mmoja mmoja. Wape wengi haki ya kutazama au kutoa maoni, uhariri ubaki kwa wawili watatu. Kazi ikiisha, rudi ukafunge kiungo, hakuna atakayekukumbusha.

Kwenye kuandika pamoja, hata hivyo, sina lawama. Watu wanne kwenye hati moja, kila mmoja na kishale chake, na historia inayoonyesha nani alibadilisha nini: zamani kazi hiyo ilizaa barua pepe ishirini zenye viambatisho vilivyoitwa "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho kabisa 2". Kinachovuruga ni kulifungua faili la Word lililo kwenye folda ya Dropbox kwenye kompyuta mbili, moja ikiwa haina mtandao. Mtandao ukirudi, huduma haiwezi kuamua nani ana haki, inaweka nakala mbili. Kuziunganisha ni kazi ya mikono.

Sasa akaunti yenyewe. GB 15 za Google zikijaa, Gmail inaacha kupokea barua, na anayekuandikia ndiye anayepata taarifa kwamba barua yake haikufika. Andika larger:10M kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail, utaona viambatisho vinavyokalia nafasi. Ukivifuta, mwaga na pipa la taka, vinginevyo bado vinahesabiwa. Akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kufutwa na kila kilichomo. Halafu kuna kupoteza simu: chapisha misimbo 10 ya akiba ya kuingilia, kila mmoja una tarakimu 8, uiweke kwenye karatasi mbali na simu. Kwa Mega, ufunguo wa kurejesha ni muhimu zaidi, kwa kuwa mafaili yamefungwa kwa nenosiri lako na wao wenyewe hawawezi kuyafungua.

Kila baada ya miezi mitatu au minne, ingia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua vitu vyako, chagua Drive na Picha, subiri barua yenye viungo vya kupakulia. Havidumu, vinaisha muda baada ya kama wiki moja. Hati za Docs zitakuja kama .docx, halisi. Yafungue mafurushi yote uliyopakua kwenye diski ya nje, zima Wi-Fi, kisha fungua mafaili matatu uliyoyachagua bila mpangilio, moja likiwa la zamani sana.