Mpigaji wa Dadaab Naye Afike Mkunguni

Mwezi uliopita nilikuwa arusini Langoni, hapa Lamu, usiku wa vugo. Kwa wasioijua, vugo ni ngoma yetu ya wanawake: tunasimama safu kwa safu, kila mmoja na pembe mkono mmoja na kijiti cha kuigongea mkono wa pili. Kando yangu alisimama bibi mmoja ambaye pembe yake ilikuwa na ufa karibu na mdomo, ameufunga kwa kipande cha leso kilichochujuka rangi. Sisi wengine tulikuwa tunagonga pigo baada ya pigo. Yeye aliliacha moja likapita, akaleta mawili ya haraka, akaacha tena, na kila alipoacha mabega yake yalishuka kidogo. Haukupita muda safu nzima ikawa inashusha mabega pamoja naye.

Kisha akatoa nyimbo. Ubeti wa kwanza aliimba peke yake. Ubeti wa pili wazee wa Lamu waliokuwa wamekaa mkekani wakaitikia, na wengine wetu wa umri wangu tukabaki kuwatazama, maana hatukuwahi kuisikia. Pale sisi tunapotamka "ta", yeye alitamka "cha", lakini kiitikio kilikuwa kile kile.

Baadaye, tukinywa kahawa, nilimwuliza: "Bibi, nyimbo hii umeitoa wapi?"

"Hini twaliimba Kisimayu, mwanangu, arusi ya dadangu. Siku tulotoka sikubeba hata sufuria."

Alifika kwa mashua mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, pamoja na Wabajuni wengine wa Kisimayu na visiwa vyake. Wabarawa nao walikimbia, watu wa mji wa Dada Masiti, yule mshairi ambaye tenzi zake za Chimwini, Kiswahili cha Barawa, bado zinasomwa. Baadhi ya wakimbizi wa miaka ile waliwekwa kambini Marafa, nyuma ya Malindi, wengine Mombasa. Kambi za pwani zilipofungwa, wengi wakapelekwa Dadaab na Kakuma. Sufuria ziliachwa. Nyimbo zilivuka.

Naandika haya kwa sababu ya jambo jingine lililoniuma. Kwenye sherehe moja hapa mjini alialikwa mpiga udi Msomali anayeishi Nairobi. Mtangazaji alishika maikrofoni akaeleza vita, kambi, njaa na safari, akatuomba tumpigie makofi "ndugu yetu mkimbizi" kwa ujasiri wake. Alisema maneno mengi mazuri, naamini kwa nia njema. Alipomaliza, ulikuwa umebaki muda wa nyimbo moja tu. Yule bwana aliinamia udi wake, akaukaza uzi wa juu, akausikiliza, akaulegeza kidogo, akaanza. Mzee aliyekaa mbele yangu aligeuka akaniambia, "Huyu apiga kama Zein." Nyimbo ikaisha, akashushwa jukwaani, likaja kundi jingine. Hakuna aliyetutajia alijifunza udi kwa nani, wala nyimbo ile ni ya nani.

Mzee yule alisema neno kubwa. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, ndiye aliyeufanya udi wa pwani yetu usikike mbali. Sasa mtazame Ahmed Ismail Hussein, maarufu Hudeydi: alizaliwa Berbera, akaujua udi Aden, akawafundisha wengi muziki wa Kisomali, akaishi London uzeeni, akafariki huko kwa korona Aprili 2020. Wasomali huuita udi kaban. Aden, Berbera, Lamu: njia ya majahazi ni moja, na udi ulipita humo humo. Kwa hiyo mpiga udi wa Kisomali akija Lamu, anakuja kwa watu wanaoweza kumwambia amekosea wapi na amepatia wapi. Hiyo ndiyo heshima ya fundi, na sisi tulimnyima tukampa huruma.

Na huruma ina tabia ya kuifuta kazi. Maryam Mursal alikuwa nyota Mogadishu, mwimbaji wa kundi la Waaberi, kabla hajawa mkimbizi wa mtu yeyote. Aliikosoa serikali kwa wimbo, akazuiwa kuimba, akaendesha teksi kulisha watoto. Vita vilipozuka alitoka na watoto wake watano, akapita Kenya na Ethiopia mpaka Djibouti, hatimaye akapata hifadhi Denmark. Mwaka 1998 akatoa albamu iliyozungushwa duniani. Safari ile ni kweli na inatisha, lakini sauti aliyoimbia alitoka nayo kwao. Hakupewa na kambi.

Kuna wanaosema muziki wa waliokimbia ni wa kuja, utauchafua wetu. Hawa nawaomba waende msikiti wa Riyadha, hapa Lamu, wakati wa Maulidi, wasikilize matari, kisha wajiulize aliyeujenga msikiti ule alitoka wapi. Habib Saleh alitoka Ngazija, Komoro. Alikaa na watu ambao wenye mji hawakutaka kukaa nao, akawafundisha, na matari yale yalipingwa na wakubwa wa wakati wake. Leo ndiyo fahari ya Lamu. Hata Wabajuni wa humu Kenya wanaujua ukimbizi: vita vya Shifta miaka ya 60 viliwatoa wengi vijijini mwao bara, upande wa Kiunga. Vave, zile nyimbo za kufyeka na kuchoma shamba jipya, zilipungua kwa sababu mashamba yenyewe yaliachwa. Nani atamfundisha mtoto vave na hana msitu wa kufyeka?

Najua jibu nitakalopewa nikiomba mpigaji wa Dadaab aje kwetu: usalama. Silidharau. Nakumbuka mashambulizi ya al-Shabaab Mpeketoni 2014, nakumbuka marufuku ya kutoka usiku iliyofuata, arusi zikifanywa mchana kama mazishi. Lakini Waayaha Cusub, vijana walioanzisha kundi lao Eastleigh, Nairobi, mwaka 2004, waliimba dhidi ya wenye bunduki hao hao. Kiongozi wao, Shiine Akhyaar Ali, alipigwa risasi Nairobi mwaka 2007, akapona, akaendelea, na mwaka 2013 wakarudi kuimba Mogadishu. Emmanuel Jal, aliyebebeshwa bunduki Sudan akiwa mtoto, alifika Kenya akawa mwanamuziki. Mwaka 2005 alitoa albamu pamoja na Abdel Gadir Salim, Mwislamu wa kaskazini ile ile iliyopigana na kusini yake, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Hawa ndio tuwaogope?

Dadaab iko Garissa, kaunti tunayopakana nayo. Mwanamuziki Msomali mwenye pasipoti ya Uingereza anaweza kupanda ndege London Jumatatu, Jumatano akawa ameshuka Manda, uwanja wetu wa ndege. Aliye Dadaab hawezi kutoka kambini bila kibali cha kusafiri, hata kama anataka kuja kupiga siku moja na kurudi. Sheria mpya ya wakimbizi, ya mwaka 2021, inamtambua kuwa anaweza kufanya kazi. Basi kupiga udi ni kazi. Wanaoandaa tamasha letu la utamaduni wamwombee kibali miezi kadhaa mapema, wamlipe kama wanavyolipa kundi la taarabu kutoka Mombasa, na pale Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome yetu, wamkalishe pamoja na wapigaji wetu, nyimbo kwa nyimbo, si kumtenga kwenye kipindi cha wakimbizi. Mtangazaji amtaje kwa jina, mji na mwalimu wake. Akitaka mwenyewe kueleza aliyoyapitia, maikrofoni ni yake.

Mimi nimeanza na bibi wa Langoni. Kila Ijumaa baada ya alasiri nakwenda kwake na simu yangu, na nyimbo tatu zimeshaingia. Ya nne aliianza juzi, akakwama ubeti wa pili. Akagongagonga pembe yake polepole, akitafuta, kisha akaiweka chini. Alisema atampigia dadake, yule aliyeimbiwa arusini, huenda yeye anaukumbuka. Yuko Dadaab.