Ushairi wa Kisufi uimbwe kwa sauti tupu

Kwaya ikiimba ushairi wa Kisufi, yaani wa Waislamu wanaotafuta kumkaribia Mungu kwa njia ya moyo, kinanda kizimwe na ngoma zikae pembeni. Ziimbe sauti za watu peke yake. Nasema hivi nikiwaelekea kwanza walimu wa kwaya wenzangu wa Moshi na Arusha, kwa sababu kazi hii tunaiweza kuliko tunavyodhani, na mpaka sasa tumewaachia watu wa mbali waifanye.

Huko mbali imefanywa kweli. Karol Szymanowski wa Poland aliyachukua maneno ya Rumi, mshairi Msufi wa karne ya 13, kwenye simfonia yake ya tatu, aliyoiandika kati ya 1914 na 1916, akayaweka juu ya kwaya na okestra kubwa mno. Mwaka 2007 Mwingereza John Tavener, Mkristo wa Kiorthodoksi, aliyatungia muziki majina 99 ya Mwenyezi Mungu, nao ukaimbwa kwa Kiarabu ndani ya kanisa kuu la Kikatoliki la Westminster, London, tena kwa kwaya na okestra. Wapo Wakatoliki waliochukizwa. Anayenivutia zaidi ni Jonathan Harvey, Mwingereza mwingine, kwa kuwa yeye maneno ya Rumi aliyaandikia kwaya mbili zinazojibizana bila ala yoyote. Alichokiona huyu ndicho ninachotaka kukieleza.

Usufi una kawaida ya kuanzia kwenye pumzi. Rumi, aliyezaliwa 1207 na kufariki Konya mwaka 1273, alifungua utenzi wake mkubwa wa Kiajemi kwa kilio cha filimbi ya mwanzi inayokililia kichaka cha mianzi ilikokatwa, na filimbi ni pumzi ya mtu inayopita kwenye uwazi. Huku kwetu tarika (jumuiya ya Kisufi) ya Kadiria ilienea sana kupitia Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, na zikri yake, yaani ibada ya kumtaja Mungu kwa kurudiarudia, ndiyo ile ya pumzi nzito ambayo watu huiita ya kukohoa. Aliyewahi kuisikia anajua kwamba maneno yanaisha, inabaki pumzi inayoingia na kutoka kwa pamoja, na mdundo wote umo humo. Hakuna ngoma inayoweza kuongeza kitu pale.

Sasa ifikirie kwaya. Tuna mbinu tunayomfundisha kila mwanakwaya mpya: kupokezana pumzi. Mstari ukiwa mrefu, mmoja anavuta hewa hapa, jirani yake anavuta baadaye kidogo, na msikilizaji hasikii mahali popote sauti ilipokatika. Unapatikana mstari mrefu ambao hakuna kifua cha mtu mmoja kinachoweza kuubeba. Mwimbaji anayefanya hivyo vizuri haisikii tena sauti yake mwenyewe, anaisikia ya wote. Masufi wana mafundisho marefu juu ya fanaa, mja kujisahau mbele ya Mola wake, na sitaki kusema kwamba besi wa kwaya yangu wamefika huko. Ila sijui namna nyingine ya muziki ambayo umbo lake linakaribia fundisho hilo kiasi hiki. Ukiweka kinanda chini yake umeharibu, kwa sababu kinanda hakipumui, na waimbaji wakishakiegemea wanaacha kusikilizana.

Kuna na suala la sauti zenyewe. Muziki wa Kiarabu, ambao kaswida zetu zimerithi kwake mengi, una makamu, yaani ngazi za sauti, zenye noti ambazo kinanda cha kawaida hakina. Makamu ya Bayati, kwa mfano, noti yake ya pili inakaa katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Solfa yetu ya do-re-mi nayo haina herufi yake. Lakini koo linaipata bila shida: wasikilize watoto wa madrasa wakiimba kaswida wakati wa maulidi pale Majengo, utawasikia wakipita kwenye noti hiyo bila mtu kuwafundisha jina lake. Kwaya isiyofungwa na kinanda inaweza kujifunza kwao.

Wasiwasi juu ya ala si wa leo. Masufi wenyewe walibishana karne nyingi kuhusu samaa, yaani kusikiliza mashairi na nyimbo kwa ajili ya kumkumbuka Mungu. Imam Ghazali, aliyefariki 1111, aliliandikia suala hili kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa ya Ihyaa. Aliihalalisha samaa kwa masharti, akavikataa vinanda vya nyuzi na aina kadhaa za zumari, akaiacha dufu. Amenukuu pia neno linalonasibishwa kwa Msufi Junaid wa Baghdad, kwamba samaa inahitaji mambo matatu: wakati, mahali na wenzi. Sauti tupu haimalizi ubishi wote, ila inauondoa ule wa ala, na hilo si dogo kwa mtu anayetaka majirani zake Waislamu waje kusikiliza bila kukwazika.

Kwa nini Moshi na Arusha? Kwa sababu uimbaji wa sauti nne huku ni jambo la kila Jumapili. Wamisionari wa Leipzig waliingia Kilimanjaro mwaka 1893, na tangu enzi zile Walutheri wa mlimani wameimba, wakapiga na tarumbeta. Wakatoliki wana walimu wanaosoma solfa kama gazeti. Wasabato walianza kazi yao Upare mwaka 1903, na ukienda milima ya Same leo utakuta vikundi vya wanaume wanne wanaoimba bila ala kwa usafi unaoweza kumnyamazisha mtu barabarani. Usa River, kati ya miji yetu hii miwili, kipo chuo kikuu cha Makumira kinachotoa shahada ya muziki. Hatuna upungufu wa watu. Kilichotupata ni mazoea ya kinanda chenye mdundo uliopikwa tayari, kwamba kwaya bila hicho inaonekana haijakamilika. Linaniuma sana, kwa sababu kwaya zilizokuwa zinajitegemea sasa zinashindwa kuanza wimbo mpaka mtu abonyeze kitufe.

Na maneno tuyatoe wapi? Wengi wanamfikia Rumi kupitia Kiingereza, na matoleo yaliyosambaa zaidi kwa lugha hiyo yameandikwa na Coleman Barks, Mmarekani asiyesoma Kiajemi, aliyefanyia kazi tafsiri za wengine na kuupunguza Uislamu uliomo ndani yake. Matokeo yake ni Rumi wa kadi za salamu. Kulitafsiri toleo la namna hiyo kwa Kiswahili halafu kuliimba kwa sauti nne ni kuinywa chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu.

Tuanze na ya kwetu. Pwani wana Hamziya, kasida ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, iliyotiwa Kiswahili na Sayyid Aidarus karne nyingi nyuma. Wana pia Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ya mwanzoni mwa karne ya 19, na hii ndiyo ningeichagua mimi. Mjuzi atasema ni shairi la zuhdi, la kuukemea moyo unaoidanganyikia dunia, kuliko kuwa shairi la mahaba ya Mungu kama ya Rumi. Sawa. Lakini mshairi anaugeukia moyo wake, "Moyo wangu nini huitabiri", anausemesha kana kwamba ni mtu aliyeketi mbele yake, kisha anauonyesha mji wa Pate ulioporomoka. Mazungumzo hayo ya mtu na nafsi yake ni kiini cha Usufi.

Tena limeumbika kwa kuimbwa. Tazama mistari hii miwili inayohusu majumba yaliyoachwa:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

Hesabu mizani: sita, kituo kidogo, kisha mitano. Na mstari wa pili vivyo hivyo. Mkazo hauji kwa hatua sawasawa: ma-DA-ka ya NYU-mba, halafu ya zisa-HA-ni. Ukilazimisha mpigo wa nne kwa nne, kama tulivyozoea kwenye tenzi zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani, utaona silabi dhaifu zinapata uzito na zenye nguvu zinamezwa. Kwa hiyo mtunzi asichore mistari ya mapigo kabisa. Aandike mizani sita, aache nafasi ya pumzi pale kwenye kituo, aandike mitano. Pumzi ya kwaya na kituo cha mshairi vikutane mahali pamoja.

Halafu ubeti una mistari minne. Mitatu ya kwanza ina kina chake, nao wa nne unamalizikia kwenye "ye", na "ye" hiyo inarudi ubeti baada ya ubeti. Mtunzi wa kwaya angetaka nini zaidi? Sauti zitawanyike katika mistari mitatu, soprano na alto waulizane, wanaume wa sauti ya tena wajibu, na besi wakae kwenye noti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa ubeti. Mstari wa nne wote warudi kwenye sauti moja. Msikilizaji asiyejua neno hata moja la Kiamu, lahaja ya Lamu, ataanza kuisubiri "ye" ile kufikia ubeti wa tatu. Makodi, yaani sauti nne kulia pamoja kwa kila silabi kama kwenye tenzi, yaachwe. Yanaharakisha mahali ambapo shairi linataka kukaa. Na bundi anapokoroma ndani ya nyumba kwenye mstari unaofuata, tafadhali besi wasikorome. Maneno yanatosha.

Nimeulizwa kama kwaya ya kanisa inaruhusiwa kuimba haya. Nisingeyaingiza kwenye ibada ya Jumapili, na zikri yenyewe nisingeigusa kabisa, kwa sababu ile ni ibada ya watu na si malighafi ya tamasha. Shairi ni jambo jingine. Mkristo anayesoma kitabu cha Mhubiri katika Biblia hatapotea ndani ya Al-Inkishafi. Ila aliimbe lilivyo, pamoja na bismillahi yake ya mwanzo, bila kufuta kitu ili kuwatuliza wazee wa kanisa. Asiyeweza kutamka maneno yale kwa heshima achague wimbo mwingine. Upande wa pili, wapo Waislamu wasiokubali sauti za wanawake mbele ya wanaume, na jambo hilo lizungumzwe na masheikh mapema. Ikibidi, wanaume wa tena na besi peke yao wanalitosha shairi hili. Mahali pawe ukumbi wa shule, pasipo msalaba wala mihrabu.

Kabla ya nota yoyote kuandikwa, atafutwe mtu anayekijua Kiamu, alighani shairi mbele ya kwaya nzima kwa sauti yake ya kawaida ya kughani. Waimbaji wamfuate kwa kinywa, bila karatasi, mpaka matamshi yakae. Mwalimu asikilize sauti yake inapanda wapi, inakatika wapi, inarefusha silabi gani, na lahani ya soprano itoke humo.